UZI: Redio ya boti, mwanga wa jua na eksirei ni wimbi la aina moja, na Ngomeni ndipo pa kulielewa hilo

MwalimuSabaki (mleta uzi)

Assalaam aleikum wanajamvi, wa Amu, wa Malindi, na mlio mbali na nyumbani.

Nasomesha fizikia hapa Malindi. Kila mwaka kidato cha nne hukariri ile orodha: redio, maikrowevu, infraredi, mwanga, urujuanimno, eksirei, gama. Maksi wanapata. Lakini ukimuuliza mmoja wao redio ya boti na picha ya mfupa wa hospitalini zina uhusiano gani, anabaki kukutazama. Uhusiano wao ni wa damu. Ni wimbi la aina moja, linakwenda kwa kasi ile ile, na kinachotofautisha ni urefu wa wimbi peke yake. Urefu huo ndio unaoamua wimbi lipite wapi na lizuiwe na nini. Naandika kwa sababu sisi wa pwani hii tuna haki ya kulijua jambo hili kuliko watu wengi, na Ngomeni, kijiji cha pwani kaskazini mwa Malindi, nitafika, subirini.

Tuanzie majini. Wakati wa kusi, simama ufuoni utazame boya la mashua iliyotia nanga. Wimbi likifika, boya linapanda, linasogea mbele kidogo, linashuka, linarudi nyuma, na mwisho liko pale pale. Maji hayakusafiri. Kilichosafiri ni msukosuko, na ndani yake mna nguvu, ile inayokuja kubomoa kuta za hoteli na kuchimba mchanga.

Wimbi lolote lina mambo matatu ya kupimwa. Urefu, kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi mgongo unaofuata. Masafa, yaani migongo mingapi inapita mbele ya boya kwa sekunde moja. Na kasi. Zidisha masafa kwa urefu, umepata kasi. Wimbi la bahari kuu linalokuja kila baada ya sekunde 10 lina urefu wa mita 156 hivi, na linakwenda kilomita 56 kwa saa. Likikaribia mwamba na kina kikipungua, linapunguza mwendo, migongo inasongamana, kimo kinapanda, kisha linavunjika. Lakini hesabuni: bado linakuja kila sekunde 10. Kasi imebadilika, urefu umebadilika, masafa hayakubadilika. Lishikeni hilo, tutalihitaji.

Sasa mwanga. Mwaka 1865 Mskoti James Clerk Maxwell alichapisha hesabu zake kuhusu umeme na sumaku. Alichokionyesha ni hiki: uga wa umeme (uga ni eneo ambamo nguvu ya umeme au ya sumaku inafanya kazi) ukibadilika unazaa uga wa sumaku, na wa sumaku ukibadilika unazaa wa umeme, na viwili hivyo vikizaana hivyo vinaweza kuondoka na kusafiri kama wimbi. Akapiga hesabu ya kasi ya wimbi hilo kwa kutumia vipimo vya umeme na sumaku vilivyofanywa mezani, bila taa wala kioo chochote, na jibu likaangukia kwenye kasi ya mwanga. Mimi nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado linanisisimua. Kumbe mwanga wenyewe ni wimbi la sumakuumeme! Leo kasi hiyo tunaiandika mita 299,792,458 kwa sekunde, au tuseme kilomita 300,000.

Basi, kama mwanga ni wimbi la namna hiyo, lazima kuwe na mengine marefu zaidi na mafupi zaidi ambayo jicho haliyaoni. Wengine walikuwa wameshayagusa bila kujua ni ndugu. Mwaka 1800 William Herschel aliupitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo, akaweka vipimajoto kwenye rangi, na kile alichokiweka nje ya nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, kikapanda. Hiyo ndiyo infraredi. Mwaka uliofuata Johann Ritter akapata urujuanimno upande wa pili, ng'ambo ya zambarau. Heinrich Hertz alitengeneza mawimbi ya redio maabarani kule Ujerumani kuanzia mwishoni mwa 1886, na Wilhelm Röntgen akaiona eksirei tarehe 8 Novemba 1895. Gama ilipatikana na Paul Villard mwaka 1900.

Urefu wao sasa. Stesheni ya FM ya megahezi 100: mita 3. Wi-Fi ya kawaida na oveni ya maikrowevu: sentimita 12 hivi, na ndiyo, zinakaribiana kabisa. Rimoti ya tivii: karibu nanomita 940, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Mwanga tunaouona: kuanzia nanomita 400 hivi za zambarau hadi 700 za nyekundu. Eksirei: chini ya nanomita 10, na ile ya hospitalini ni fupi kuliko upana wa atomu. Jicho la binadamu linachukua kipande chembamba tu katikati ya utepe huu mrefu, na kwa karne nyingi tulidhani kipande hicho ndicho chote.

Jaribuni usiku huu: chukua rimoti, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza kitufe. Kwa simu nyingi utaona kitaa kinamweka kwenye skrini, na kwa macho yako huoni kitu. Kamera ya nyuma mara nyingi ina kichujio kinachoizuia infraredi, ndiyo maana nasema ya mbele.

Maswali karibuni. Ngomeni inakuja.

Nahodha_Shela

Mwalimu ahsante, hili limeniingia. Nina swali la kazi. Redio yangu ya VHF nikiwa ng'ambo ya vilima vya mchanga vya Shela, upande wa bahari kuu, mara nawapata watu wa mjini mara siwapati. Lakini marehemu baba alikuwa na redio ya mkulima ya betri, usiku akiisikiliza stesheni za Ulaya na Uarabuni, wazi kabisa. Vipi redio ndogo ipate Ulaya na hii ya boti ishindwe na mchanga?

MwalimuSabaki

Nahodha, swali zuri sana.

Chaneli 16 ya VHF ni megahezi 156.8. Gawanya kasi ya mwanga kwa hiyo, urefu wa wimbi ni mita 1.91. Wimbi la urefu huo linakwenda moja kwa moja, halijikunji sana kukizunguka kilima, na likielekea angani linapita moja kwa moja kwenda zake. Kwa hiyo mnasikilizana pale antena zinapokaribia kuonana. Antena zote mbili zikiwa mita 4 juu ya maji, upeo wenu ni kama kilomita 16. Mmoja akiwa na mlingoti wa mita 25, inafika karibu 29. Ardhi ni mviringo, baada ya hapo bahari yenyewe ndiyo inayowakinga.

Redio ya marehemu baba, Mungu amrehemu, ilikuwa ya mawimbi mafupi, megahezi 3 hadi 30. Yanaitwa mafupi kwa kulinganishwa na yale ya zamani, lakini ni ya mita 10 hadi 100, marefu kuliko ya boti yako. Juu yetu, kuanzia kama kilomita 60 hadi mamia ya kilomita, kuna tabaka la hewa nyembamba ambalo mionzi ya jua imelinyang'anya atomu zake elektroni. Tabaka hilo linaitwa ionosfera. Mawimbi marefu kama yale yakifika hapo yanapinda na kurudi chini, yanadunda baharini, yanapanda tena, hivyo hivyo hadi Shela. Usiku lile tabaka la chini linalomeza mawimbi hufifia, ndiyo maana baba alisikia vizuri usiku.

Na antena yako: ile ya robo ya wimbi inatakiwa kuwa sentimita 48 hivi. Ikikatika ncha ukaiunga na waya wowote wa urefu wowote, umejipunguzia umbali wa kusikika. Pelekea fundi aipime.

Mzamiaji_Watamu

Mimi napeleka wageni chini kwenye mbuga ya majini. Jambo moja huwashangaza kila mara: samaki mwekundu kwenye picha, ukimfikia mita kumi chini anaonekana wa kijivu au kijani-kijani. Ukimmulika tochi, mwekundu anarudi. Najua maji "yanakula" rangi, ila sijui kwa nini yaanze na nyekundu.

MwalimuSabaki

Kwa sababu molekuli ya maji ina mitikisiko yake, na nyekundu iko karibu na infraredi ambayo maji huimeza kwa pupa. Mwanga mwekundu una urefu wa karibu nanomita 700, na kila mita ya maji inakata sehemu yake kubwa. Bluu, nanomita 450 hivi, maji yanaisamehe, inashuka makumi ya mita. Samaki wako hakubadilika, ila rangi aliyotakiwa kuirudisha machoni pako haikumfikia. Tochi inaileta kwa karibu, kabla maji hayajaimeza.

Na hapa lile la boya linarudi. Mwanga ukiingia majini unapunguza kasi hadi kilomita 225,000 hivi kwa sekunde, na urefu wa wimbi unapungua, lakini masafa yanabaki yale yale, sawa na wimbi la bahari lililofika mwambani. Kupunguza kasi huko ndiko kunakoupinda mwanga, ndiyo maana samaki ukimtazama ukiwa juu ya boti hayupo pale unapomwona, na mvuvi wa mkuki anajua kulenga chini yake.

Redio je, chini ya maji? Haiendi. Chumvi inayafanya maji yapitishe umeme, na wimbi la VHF linakufa ndani ya sentimita chache. Ndiyo maana kipima kina cha boti kinatumia sauti, ambayo si wimbi la sumakuumeme hata kidogo. Sauti ni maji yenyewe yanayosukumana, na baharini inakwenda mita 1,500 kwa sekunde, kasi zaidi ya mara nne kuliko hewani.

Ustadhi_Mambrui

Mwalimu, hapo ndipo nilipokwama. Wimbi la bahari lina maji. Sauti ina hewa, au maji kama ulivyosema. Huu mwanga wa jua unaokuja kupita pasipo kitu, unatikisa nini?

MwalimuSabaki

Ustadhi, swali lako ndilo lililowasumbua wanafizikia wote wa karne ya 19. Walikubaliana kwamba lazima kuna kitu kimejaa angani, wakakiita etha. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley, kule Cleveland, walijenga chombo cha vioo juu ya jiwe kubwa linaloelea kwenye zebaki, wapime jinsi ardhi inavyopasua hiyo etha. Walitarajia kuona tofauti ya kasi ya mwanga kati ya upande mmoja na mwingine. Tofauti waliyoitarajia haikuonekana.

Jibu ni kwamba mwanga hautikisi kitu kilichokuwepo kabla yake. Uga wa umeme na uga wa sumaku ndio wimbi lenyewe, unazaa mwenzake hatua kwa hatua, na haudai njia iliyotandikwa. Wimbi la sauti ukilinyima hewa limekwisha. Wimbi la mwanga ukiliondolea hewa linakwenda vizuri zaidi.

Mama_Mkomani

Salaam mwalimu. Mimi si msomi wa sayansi lakini nimefuata. Nina mawili. Nyumba yetu ni ya kale hapa Mkomani, kuta za matumbawe na chokaa, nene. Chumba cha ndani simu haishiki kabisa, nikitoka kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, inalia. La pili ni zito zaidi: kumewekwa mnara karibu na madrasa wanakosoma wajukuu zangu, na watu wanasema una mionzi inayoleta saratani kama eksirei. Umesema vyote ni ndugu. Basi si kweli hayo?

MwalimuSabaki

Shikamoo mama. La kwanza nitalijibu haraka: mawimbi ya simu ni ya sentimita kama 10 hadi 40, na ukuta mnene wa matumbawe, hasa ukiwa na unyevunyevu, unayameza. Kiwanda kiko wazi juu, mawimbi yanaingia kwa kupiga kona za dari na kuta. Nyumba hizo zilijengwa kuzuia joto na macho ya watu, na zinazuia simu kwa ustadi ule ule.

La pili naomba nilikalie, kwa sababu nimesikia watu wazima wakitishwa kwa jambo hili na wengine wakikataa kupigwa eksirei wanayoihitaji.

Ni ndugu, lakini ndugu hawana nguvu sawa. Max Planck mwaka 1900 na Albert Einstein mwaka 1905 walituonyesha kwamba nishati ya wimbi hili inakuja kwa chembe, na kila chembe, inayoitwa fotoni, ina nguvu inayolingana na masafa. Wimbi fupi, masafa makubwa, fotoni kali. Ili kung'oa elektroni kwenye atomu za mwilini, jambo linaloweza kuvunja chembeuzi (nyuzi za urithi ndani ya seli), fotoni inahitaji elektronivolti 10 hivi, na elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati. Fotoni ya eksirei ya hospitalini ina makumi ya maelfu. Fotoni ya mnara wa simu ya megahezi 900 ina kama sehemu nne tu za milioni za elektronivolti moja, yaani 0.000004. Na hapa ndipo watu wanapopotea: fotoni dhaifu hata ziwe nyingi namna gani, hazijumlishi nguvu zikang'oa elektroni. Kinachoweza kutokea ni joto, kama kwenye oveni ya maikrowevu. Ndiyo maana viwango vya usalama vimewekwa kwa kuangalia joto, na nguvu ya mnara inapungua kwa kasi ukisogea: umbali mara mbili, nguvu robo.

Sitaki kukuficha kitu, mama. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO, lenye makao Lyon, liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la vitu vinavyowezekana kuleta saratani, kwa ushahidi walioueleza kuwa mdogo, na mjadala huo ulihusu zaidi simu inayobanwa sikioni. Mionzi ya jua, kwa upande mwingine, iko kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika. Fotoni za urujuanimno wa saa sita mchana zinatosha kuharibu chembeuzi za ngozi bila hata kufika eksirei. Kwa hiyo ukiniuliza nini cha kuwahofia wajukuu, nitasema jua la mchana ufuoni bila kofia. Na wazee wetu wavuvi wenye mtoto wa jicho, jua lililorudishwa na maji miaka yote ile ni moja ya sababu. Miwani ya jua iliyoandikwa kwamba inazuia urujuanimno ni dawa ya mvuvi, si urembo.

Eksirei nayo ina kazi yake. Daktari akiiagiza kwa sababu, ipigwe. Mwenye mimba aseme kabla.

Mama_Mkomani

Mungu akubariki. Nitawasomea hapa nyumbani.

Kijana_Ngomeni

Shikamoo mwalimu. Nimevumilia tangu juu, sasa Ngomeni tafadhali. Sisi tumekulia tukiyaona yale majukwaa yenye miguu ya chuma baharini na madishi ya nchi kavu. Wazee wanatusimulia roketi. Lakini hakuna aliyewahi kunieleza zilikuwa zinafuata nini huko juu.

MwalimuSabaki

Marahaba. Hili ndilo lililonifanya niandike uzi wote, na inaniuma kwamba kijana wa Ngomeni anajua roketi ilipaa lakini hajui ilikwenda kutafuta nini.

Eksirei kutoka angani haishuki hadi chini. Uzito wa hewa juu ya kila mita mraba ya ardhi ni kama tani 10, sawa na kuwa chini ya maji ya mita 10, na atomu za naitrojeni na oksijeni zinazikamata fotoni za eksirei moja moja juu kabisa. Ni rehema kwetu, la sivyo tusingekuwepo. Lakini kwa mtu anayetaka kujua kama nyota zinatoa eksirei, hewa ni pazia lililofungwa. Dawa yake ni moja: panda juu ya pazia.

Mwaka 1962 kundi la Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Marekani, lilirusha roketi ndogo kutoka New Mexico. Ilikaa juu ya hewa dakika chache tu, ikaona chanzo kikali cha eksirei upande wa kundinyota la Nge. Dakika chache hazitoshi. Ilihitajika setilaiti nzima kwa kazi hiyo.

Setilaiti hiyo ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, hapo hapo kwenu Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, kwa roketi ya Marekani aina ya Scout, na Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio ndio waliokuwa wenyeji wa jukwaa. Ilikuwa siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, na msimamizi wa mradi, mhandisi Marjorie Townsend, akaipa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei. Fungua kitabu chochote cha fani hiyo, kwa lugha yoyote, utalikuta neno Uhuru.

Kwa nini Ngomeni? Tuko takriban digrii 3 kusini mwa ikweta. Hapa ardhi inazunguka kwa kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi inayorushwa kuelekea huko inaupata mwendo huo bure. Mbele ni bahari tupu. Na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya ule ukanda wa chembe kali ulio juu ya Atlantiki ya kusini, ambao ungevuruga vipimo vyake.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973, na orodha yake ikafika vyanzo 339 vya eksirei. Iliona chanzo kimoja, Cen X-3, kinachopiga kila baada ya sekunde 4.8, na wakatambua kwamba ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichosongamana mno cha nyota iliyokufa, inayofyonza gesi ya nyota mwenzake. Iliona kingine, Cygnus X-1, kikimetameta haraka sana, ishara kwamba kitu chenyewe ni kidogo mno. Hicho ndicho kikawa mgombea wa kwanza wa kuaminika wa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauwezi kutoka. Giacconi alipewa Nobeli mwaka 2002. Baada ya Uhuru zikafuata nyingine kutoka San Marco: SAS-2 ya gama mwezi Novemba 1972, Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974, SAS-3 mwaka 1975. Urushaji wa mwisho ulikuwa 1988.

Kijana_Ngomeni

Mwalimu nimekaa kimya hapa. Na madishi je? Hayo bado yanageuka kila siku.

MwalimuSabaki

Ndiyo, na hapo ndipo utepe wote unapokutana mahali pamoja.

Setilaiti kama Swift iliyorushwa 2004, NuSTAR ya 2012 na IXPE ya 2021 zinakusanya eksirei na gama huko juu. Hazikurushwa kutoka kwetu, lakini data zao zinashushwa kwenye kituo cha Malindi, ambacho leo kinaitwa Luigi Broglio. Zinashukaje, ikiwa hewa inazuia? Zinashuka kwa redio. Chombo kinaipokea fotoni ya eksirei, kinaigeuza kuwa namba, na namba zinapandishwa juu ya wimbi la redio la gigahezi 2.2 hivi, lenye urefu wa sentimita 13 au 14. Wimbi hilo ni fupi mno kurudishwa na ionosfera, na fotoni zake ni dhaifu mno kukamatwa na atomu za hewa. Linapita kama hakuna kitu. Kile ambacho hewa imekikataza kikija chenyewe, inakiruhusu kikija kwa urefu mwingine.

Na dishi lenyewe: mengine ya aina hii yana uso wa waya wenye matundu. Mfikirie mvuvi na jarife: tundu dogo kuliko samaki, samaki hapiti. Wimbi la sentimita 13 likikuta matundu ya milimita chache linarudishwa kama limekuta bati, wakati upepo na mwanga wa jua vinapita. Mlango wa oveni ya maikrowevu una wavu kwa sababu hiyo hiyo: chakula unakiona, maikrowevu hazitoki.

Nahodha_Shela

Kwa hivyo redio yangu ya boti na dishi la Ngomeni zinafanya kazi moja.

MwalimuSabaki

Moja kabisa, Nahodha. Mwenzako anapokea gigahezi 2, wewe unapokea megahezi 156, na hesabu ni ile ile ya masafa kwa urefu.

Mzamiaji_Watamu

La mwisho, mwalimu. Hilo shimo la Cygnus X-1 tunaweza kulitafuta kutoka huku kwetu?

MwalimuSabaki

Shimo lenyewe halitoi mwanga wa kuonekana, lakini nyota inayozungukana nalo inaonekana kwa darubini ya macho mawili yenye lenzi za milimita 50, penye giza. Mjini Malindi taa zitakusumbua, nenda Mambrui, au wa Amu mpande vilima vya Shela.

Mwanzoni mwa Septemba, saa tatu usiku, tazama kaskazini, karibu nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini. Utaona nyota zilizojipanga msalaba mkubwa. Inayong'aa zaidi, Deneb, iko upande wa chini, na Albireo iko mwisho wa juu. Kutoka pale miti miwili ya msalaba inapokutana, panda kuelekea Albireo, utaikuta Eta Cygni njiani, inaonekana kwa macho. Iweke katikati ya darubini. Nyota tunayoitafuta iko pembeni yake, chini ya nusu digrii, hafifu, kwa hiyo egemeza darubini kwenye kitu kisichotikisika na uyape macho dakika ishirini yazoee giza. Ni jitu la bluu lililo mbali nasi miaka ya nuru kama 7,200, na kila siku 5.6 linakamilisha mzunguko mmoja na lile shimo, ambalo uzito wake ni kama wa majua 21.